Pombe, Pikipiki na Mahakama: Ukishtakiwa kwa Mara ya Kwanza



Leo somo letu la afya linaanzia barabarani na kuishia mahakamani. Usishangae. Pombe ikiingia tumboni haikai tumboni. Huingia katika damu, hufika kwenye ubongo, kisha hushika usukani. Wengi wetu tunajua pombe huharibu ini. Wachache wanajua ni kitu gani hutokea siku mtu anapoitwa na karani wa mahakama kujibu shtaka la kuendesha chombo akiwa amelewa. Mtu asiyejua huogopa. Akiogopa hukubali asilolijua, au hukataa lililo kweli, au hukimbia kabisa.

Tuchukue mfano. Kuna kijana wa Mbweni, katika Wilaya ya Kinondoni, Dar es Salaam. Ana mke na watoto wawili. Anaendesha pikipiki ya abiria, yaani bodaboda. Hatutampa jina. Tutamwita Dereva, kwa sababu madereva wa namna hii wako kila kijiwe.

Jumamosi usiku Dereva alikwenda arusini kwa jirani. Saa 2 usiku alianza kunywa bia. Hadi saa 6 usiku alikwisha kunywa chupa sita. Hakuendesha. Aliacha pikipiki nyumbani akarudi kwa miguu, na kwa hilo tumpongeze. Alilala. Saa 12 asubuhi aliamka, akaoga maji ya baridi, akanywa supu ya makongoro, akawasha pikipiki. Alipata abiria wa Tegeta. Walipoingia Barabara ya Bagamoyo askari wa usalama barabarani akamsimamisha. Askari alisikia harufu. Akampa kifaa cha kupima ulevi, akamwambia apulize. Kifaa kilionyesha pombe.

Dereva alisema, "Afande, mimi nimelala. Pombe ilikuwa ya jana."

Alisema kweli. Lakini pombe ya jana ilikuwa bado iko mwilini mwake leo.

HESABU YA INI

Chukua chupa moja ya bia ya nusu lita. Kama imeandikwa asilimia 5, basi ndani yake mna mililita 25 za pombe yenyewe. Uzito wake ni karibu gramu 20. Kazi ya kuiondoa pombe hiyo mwilini hufanywa hasa na ini. Ini ni kama mtu mmoja anayechota maji kisimani kwa ndoo moja. Ukimhimiza, ndoo haiongezeki. Kwa saa moja ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi. Kwa hiyo chupa moja huhitaji saa mbili hadi tatu.

Sasa zidisha. Chupa sita huhitaji saa 12 hadi 18. Dereva alianza saa 2 usiku. Ini lake likiwa hodari sana lingemaliza kazi saa 2 asubuhi. Likiwa la polepole lingemaliza saa 8 mchana. Yeye aliwasha pikipiki saa 12 asubuhi.

Maji ya kuoga hayafiki kwenye ini. Supu ni chakula kizuri, nayo hutia nguvu, lakini haiondoi pombe iliyokwisha ingia katika damu. Kahawa humfanya mlevi awe mlevi aliye macho. Ndimu, maziwa, kutapika asubuhi, kukimbia uwanjani: vyote hivyo ni bure. Na ile desturi ya kuzimua, yaani kunywa tena kidogo asubuhi ili kichwa kitulie, humwongezea ini mzigo mwingine kabla halijatua wa kwanza.

Kula kabla ya kunywa husaidia kidogo, kwa kuwa pombe huingia katika damu polepole. Lakini bado huingia. Mtu mwembamba hulewa upesi kuliko mnene. Mwanamke kwa kawaida hulewa upesi kuliko mwanamume aliye na uzito sawa naye, kwa sababu mwili wake una maji kidogo zaidi ya kuichanganya pombe.

Vipi kuhusu mnazi? Wazee wa pwani wanajua kwamba tembo la asubuhi si tembo la jioni. Likigemwa ni tamu. Kadiri jua linavyopanda ndivyo utamu unavyogeuka ukali. Hakuna asilimia iliyoandikwa kwenye kibuyu, kwa hiyo mnywaji hawezi kufanya hesabu yetu. Gongo ni hatari zaidi. Kwanza imekatazwa na sheria. Pili, pombe ya kienyeji iliyokorogwa ovyo huweza kuwa na sumu inayopofusha macho na kuua.

KIPIMO CHA SHERIA

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ilitungwa mwaka 1973, na imerekebishwa mara kadhaa. Inakataza kuendesha ukiwa umelewa pombe au dawa za kulevya kiasi cha kushindwa kumudu chombo. Pia inaweka kipimo. Kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Gramu moja ina miligramu 1000. Basi miligramu 80 hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Ni kidogo sana. Ukizidi hapo umevunja sheria, hata kama unatembea wima na kuimba vizuri.

Kwa dereva anayebeba abiria kwa malipo sheria ni kali zaidi. Hatakiwi kuwa na pombe hata kidogo. Ukikataa kupimwa bila sababu ya haki, kukataa huko nako ni kosa.

Kwa nini ukali huu? Pikipiki inayokwenda kilometa 40 kwa saa hukata mita 11 kwa sekunde moja. Pombe huchelewesha mkono kufika kwenye breki. Ukichelewa nusu sekunde tu, umekwisha kwenda mita tano na nusu zaidi. Mtoto anayevuka kwenda dukani yuko ndani ya mita hizo. Pombe pia humdanganya mtu kwamba leo yeye ni hodari kuliko jana. Hapo ndipo anapoyapita magari mawili kwa pamoja.

Dawa nazo ziangaliwe. Baadhi ya dawa za mafua na mzio, kama Piriton, huleta usingizi. Zikichanganywa na bia, usingizi huzidi. Muulize mganga au muuza dawa kabla ya kuendesha.

Kosa hili ni la zamani kuliko barabara zetu za lami. Mwaka 1897, tarehe 10 Septemba, dereva wa teksi wa London, Uingereza, jina lake George Smith, aliigonga nyumba kwa gari lake akiwa amelewa. Alikiri, akatozwa faini ya shilingi 25 za huko. Husemekana ndiye dereva wa kwanza wa gari kutiwa hatiani kwa kosa hili. Magari yalikuwa machache sana wakati huo. Pombe ilikwisha yakuta.

KITUONI

Turudi kwa Dereva. Amepelekwa kituo cha polisi. Pikipiki imezuiwa. Afanye nini?

Kwanza atulie. Asitukane, asisukumane na askari. Ataje jina lake la kweli na mahali anapokaa. Ana haki ya kuambiwa kosa lake. Ana haki ya kuwaarifu ndugu zake. Akitakiwa kutoa maelezo, asome au asomewe yale yaliyoandikwa kabla ya kutia sahihi. Hapa ndipo kisomo chetu kinapokuwa na faida kubwa. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani asione haya kusema, "Naomba nisome polepole." Kama kuna neno ambalo hakulisema, aombe lirekebishwe.

Pili ni dhamana. Dhamana ya polisi haiuzwi. Ni bure. Mtu wa kosa la namna hii akiwa hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, kwa kawaida huachiwa kwa dhamana. Mdhamini awe mtu mzima anayefahamika, mwenye kitambulisho, na barua kutoka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mke wa Dereva aende mapema kwa mwenyekiti, asingoje jioni.

Tatu, watatokea watu wa kusema, "Toa kitu kidogo tuyamalize hapa hapa." Anayetoa na anayepokea wote wana kosa la rushwa, nalo ni zito kuliko kosa la kwanza. Faini ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile wanayoiita kontroo namba, na mlipaji hupata stakabadhi. Fedha isiyo na stakabadhi si faini. Ukidaiwa rushwa, piga simu TAKUKURU namba 113. Haina malipo.

Kama mtu ameumia katika ajali, majeruhi apewe fomu ya polisi namba tatu, PF3, aende hospitali. Lakini aliye mahututi apelekwe hospitali kwanza. Fomu itafuata.

MBELE YA HAKIMU

Siku ya kesi Dereva afike mapema, saa moja kabla. Kutoka Mbweni hadi mjini foleni ya magari haimhurumii mshtakiwa. Asipofika, hakimu anaweza kutoa hati ya kumkamata, na mdhamini anaweza kudaiwa fedha aliyoandikia sahihi. Avae nguo safi. Si lazima suti. Azime simu.

Na asinywe. Nimewahi kukaa kwenye benchi la mahakama moja nikamwona mshtakiwa wa kosa hili hili akinuka pombe saa 3 asubuhi. Alikunywa ili apate ujasiri. Sitasahau uso wa mama yake aliyekuja kumdhamini.

Karani ataita jina. Dereva atasimama kizimbani. Hakimu huitwa "Mheshimiwa". Mwendesha mashtaka ndiye anayesimama upande wa Jamhuri. Hati ya mashtaka itasomwa. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo asiogope kuuliza kama hakuelewa. Kisha ataulizwa: ni kweli au si kweli?

Swali hili ni fupi, lakini ndilo zito kuliko yote. Hebu sikiliza.

"Umesikia shtaka lako. Ni kweli au si kweli?"

"Mheshimiwa, ni kweli nilikunywa, lakini nilikuwa sijalewa."

Jibu hili ni la watu wengi. Je, amekiri? Hapana. Amekubali nusu na kukataa nusu. Hakimu anayefuata sheria ataandika kwamba mshtakiwa amekana, na kesi itasikilizwa kwa mashahidi. Mshtakiwa hukiri anapokubali kosa lote bila "lakini". Maneno yake huandikwa karibu sana na alivyoyasema mwenyewe. Baada ya hapo mwendesha mashtaka husoma maelezo ya jinsi kosa lilivyotendeka, na mshtakiwa huulizwa tena kama ni kweli. Kama maelezo yana uongo, hapo ndipo pa kusema. Kwa mfano, kama yanasema aligonga mtu, naye hakugonga, asinyamaze.

Basi akiri au akane? Gazeti haliwezi kumjibia. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Mwenye kuthibitisha ni upande wa mashtaka. Kama kipimo hakikufanywa sawasawa, au aliyeendesha ni mtu mwingine, mshtakiwa ana haki ya kukana, kuwauliza maswali mashahidi, na kuleta mashahidi wake. Lakini kama anajua ndani ya moyo wake kwamba alikunywa na kuendesha, na kipimo kimesema hivyo, kukana kwa ubishi humchosha yeye mwenyewe. Ataacha kazi siku nyingi kufuata kesi iliyoahirishwa. Mimi naona heri kwanza azungumze na mwanasheria au msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Aulize ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya, au aulize hapo hapo mahakamani. Aulize kabla ya siku ya kesi.

Ajue jambo moja zaidi. Aliyekiri hawezi baadaye kukata rufaa kwa kusema hakutenda kosa. Kwa kawaida anaweza kulalamikia adhabu tu, kwamba imezidi au si halali. Anayetaka kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu kutoka mahakama ya wilaya atoe taarifa ndani ya siku 10, na sababu zake azipeleke ndani ya siku 45. Siku hizo hupita upesi kuliko mtu anavyodhani.

KUOMBA KUPUNGUZIWA ADHABU

Mtu akitiwa hatiani, mwendesha mashtaka humweleza hakimu kama ana makosa ya nyuma. Kwa Dereva hakuna. Ni mara yake ya kwanza. Kisha mshtakiwa hupewa nafasi ya kusema kwa nini aonewe huruma. Wengi hapa hulia tu, au husema "Sina la kusema". Wanapoteza nafasi.

Dereva anaweza kusema hivi:

"Mheshimiwa, hili ni kosa langu la kwanza. Nimekiri sikukusumbua. Sikumuumiza mtu. Nina mke na watoto wawili wanaonitegemea, na pikipiki hii ndiyo jembe langu. Nilidhani kulala kunatosha. Sasa nimejifunza kwamba hakutoshi. Tangu siku ile sijanywa, na nimekwenda kituo cha afya kupata ushauri."

Kila neno liwe kweli. Asiseme ana watoto saba kama anao wawili. Asimlaumu askari wala mwenye arusi. Kama ana karatasi ya kituo cha afya au barua ya mwenyekiti wa kijiwe inayoeleza tabia yake, aionyeshe.

Hakimu anaweza kutoza faini, au kumfunga, au vyote. Anaweza pia kumnyang'anya ruhusa ya kuendesha kwa muda. Sheria zetu zinaruhusu vilevile, kwa makosa yanayofaa, mkosaji kuachiliwa kwa masharti ya kutotenda kosa, au kufanya kazi za jamii chini ya sheria ya mwaka 2002. Lakini kuwa mara ya kwanza si hirizi. Kama abiria aliumia, au dereva alikimbia, hakimu hataiona kuwa mara ndogo. Akiua mtu, hilo ni kosa jingine kubwa zaidi.

Kwa mwenye bodaboda, kufungiwa leseni huuma kuliko faini. Faini hulipwa mara moja. Leseni ikifungwa kwa miezi, kila asubuhi watoto huuliza chai. Asithubutu kuendesha kwa siri wakati huo, maana ni kosa jipya, na safari hii hatakuwa tena mtu wa mara ya kwanza.

BAADA YA MAHAKAMA

Hapa ndipo mganga anapoingia. Kesi imekwisha. Je, kiu imekwisha?

Jiulize maswali haya peke yako, bila aibu. Je, asubuhi mikono hutetemeka mpaka unywe? Je, umejaribu kupunguza ukashindwa? Je, watu wa nyumbani wamekulalamikia? Je, huwa unasahau mambo ya jana usiku? Ukijibu ndiyo kwa zaidi ya moja, usiishie kuapa. Nenda kituo cha afya. Kwa watu wa Kinondoni, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Mwananyamala. Muhimbili nako kuna idara ya magonjwa ya akili inayohudumia watu wa namna hii. Ulevi sugu ni ugonjwa, una matibabu.

Sasa onyo, nalo ni la afya kabisa. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa mara moja huweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwapo, na kupata degedege. Wengine hufa. Watu wa nyumbani hudhani amerogwa wakampeleka kwa mganga wa kienyeji, na saa zikapotea. Mtu wa namna hii apelekwe hospitali haraka. Ataachishwa pombe kwa dawa, chini ya uangalizi.

Na wewe mke, mama au ndugu wa dereva, usifiche ufunguo tu. Mwambie mapema siku ambayo hajanywa, wakati mmetulia. Maneno ya saa 6 usiku hayasikiki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO

Mtu ameanza kunywa saa 1 usiku. Amekunywa chupa nne za bia za nusu lita, zenye asilimia 5. Ini lake ni la polepole. Pombe itamalizika saa ngapi?

Katika kijiji au mtaa wenu, ni nani anayebeba watoto wa shule kwa pikipiki asubuhi ya Jumatatu? Jumapili usiku alikuwa wapi?

Hakimu ameuliza, "Ni kweli au si kweli?" Mshtakiwa amejibu, "Ni kweli, lakini bia zilikuwa mbili tu." Hakimu aandike nini, na kwa nini?